Dola Iliyochanika na Gitaa la Marehemu

Maneno ya fundi wa magitaa mbele ya wanamuziki, Kamalondo, Lubumbashi, yakaandikwa baada ya kikao

Wakubwa wangu, mama zangu, ndugu wanamuziki, jambo yenu.

Nimeombwa niseme juu ya bei. Wengi mnanijua kwa kuchomelea nyaya na kunyoosha shingo za magitaa, si kwa hesabu, na mke wangu angekuwa hapa angewaeleza hesabu yangu ni ya namna gani. Lakini wiki tatu zilizopita mama mmoja aliingia pale ninapofanyia kazi amebeba gitaa ndani ya kitenge. Akalilaza mezani polepole, kama mtu aliyeleta mtoto mwenye homa. Akasema: "Fundi, banasema hii gita haiko tena orizinali. Banataka kunipa dola mia nne. Nikubali ao nikatae?"

Mama huyo amekaa pale mstari wa mbele. Amekubali gitaa la marehemu mume wake lilale juu ya meza hii mbele yenu, nami nitalifungua. Kila nitakalolisema nitalionyesha kwa bisibisi, maana maneno matupu juu ya magitaa mji huu umeyasikia ya kutosha.

Kwanza niwaulize: nani hapa hajawahi kurudishiwa dola yake? Naona mnacheka. Unakwenda kwa mbadilisha fedha pale kando ya barabara, unatoa noti ya ishirini, halali kabisa, ila pembeni ina mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Anaigeuza, anaiinua juani, anakurudishia. Ukimbembeleza sana ataipokea kwa kumi na sita. Noti ileile huko kwao bado ni dola ishirini. Hapa imekuwa mgonjwa. Haikupungua nguvu hata kidogo. Kinachomsumbua yule kijana ni nani ataipokea kutoka mikononi mwake kesho.

Mkielewa noti hiyo mmekwisha kuelewa nusu ya biashara ya magitaa ya zamani. Mtu wa Chicago anayetoa zaidi ya dola elfu kumi kwa gitaa la umeme aina ya Stratocaster, la 1964, hanunui sauti peke yake. Ananunua kitu ambacho siku moja atamwuzia mwingine, na huyo mwingine atakiinua juani atafute mchaniko. Skrubu iliyobadilishwa, rangi iliyopakwa upya, pikapu ya mwaka mwingine, yote hayo kwake ni michaniko. (Pikapu ninayoisema, ndugu zangu wa magari, si ile ya kubebea makaa. Ni kile kisanduku chini ya nyuzi kinachosikiliza.) Nusu ya pili ya biashara hii ni kwamba noti haipigwi dansi, na gitaa linapigwa. Nitaifikia.

Sasa tazameni hili. Ni Stratocaster ya kampuni ya Fender. Aina hii ilitoka mara ya kwanza 1954, katika mji wa Fullerton, California. Aliyeianzisha kampuni hiyo, Leo Fender, alikuwa fundi wa redio. Gitaa hakujua kulipiga. Kwangu mimi hilo si dogo, kwa sababu mtu wa redio anawaza kama fundi: kitu kitaharibika, kitafunguliwa, kipande kitatolewa kiwekwe kingine. Wenzake wa kampuni ya Gibson walikuwa wakigundisha shingo kwenye mwili kwa gundi, kama mafundi wa fidla. Yeye akaifunga kwa skrubu nne. Shingo ikipinda, toa, funga nyingine, rudi kazini jioni hiyohiyo.

Hapo ndipo kichekesho chenyewe kilipo. Gitaa lililobuniwa makusudi ili vipande vyake vibadilishwe, leo linaadhibiwa kwa kubadilishwa vipande. Ningependa kuona uso wa Leo Fender akielezwa kwamba skrubu zake nne zinatazamwa kwa kioo cha kukuzia.

Nafungua shingo. Skrubu ya kwanza, ya pili... hii ya tatu imekatika kichwa, kuna mtu alitumia kisu. Ya nne. Bamba hili la chuma nyuma lina nambari inayoanza na herufi L. Mnunuzi wa haraka ataona L, ataangalia orodha, atasema: ni ya kati ya 1963 na 1965, tumemaliza. Hatujamaliza. Bamba linashikwa na skrubu nne tu. Mimi naweza kulitoa hapa nikalifunga kwenye gitaa la jana. Nambari ya chasi ya gari imegongwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Nambari hii imegongwa kwenye kifuniko. Wanaosafirisha Toyota kupitia mpaka wa Kasumbalesa wanaelewa tofauti hiyo kuliko maprofesa.

Kwa hiyo tunaacha bamba, tunasoma kisigino cha shingo, ule mwisho wake unaoingia mwilini. Mwenye macho mazuri aje asome kwa sauti. Ndiyo: 2, MAR, 65, B. Ile 2 mwanzoni ni alama ya kwamba shingo ni ya Stratocaster. Machi 1965 ndiyo shingo ilipogongwa muhuri. B ni upana wake pale juu kwenye kidaraja cha nyuzi. Muhuri huu uko mahali ambapo mpigaji hafiki, jasho halifiki, na wapaka rangi wengi hawafiki.

Machi 1965, wakubwa wangu, ina kisa chake. Januari mwaka huohuo kampuni kubwa ya utangazaji ya Marekani, CBS, ilikuwa imeinunua Fender kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wakaligawa jambo lote mara mbili: kabla ya CBS na baada ya CBS, kama sisi tunavyosema kabla ya vita na baada ya vita. Kilichotengenezwa kabla kinapandishwa, cha baadaye kinashushwa. Ni kweli kwamba miaka ilivyozidi kwenda mambo yalilegea pale kiwandani. Za miaka ya sabini nimezishika, nyingine nzito kama mlango. Lakini miezi miwili baada ya kutiwa sahihi? Mikono ni ileile, mbao zilezile zilizokuwa ghalani. Soko linalipia karatasi iliyotiwa sahihi ofisini. Mimi sikubaliani nalo, ila nikimshauri mama siwezi kumficha kwamba ndivyo lilivyo.

Tuendelee. Nafungua bamba la mbele, skrubu kumi na moja. Haya, sogeeni, lakini kijana wa soda tafadhali baki huko.

Humu ndani ndimo gitaa linamosema ukweli. Mnaona vyuma hivi vitatu vya duara, vile vinavyozungushwa na vitufe vya sauti? Kila kimoja mgongoni kina tarakimu. Hiki kinasema 3046447. Zile 304 ni jina la kiwanda, Stackpole. 64 ni mwaka. 47 ni wiki ya arobaini na saba. Kimetengenezwa Novemba 1964, kikaenda Fullerton, kikakutana na shingo ya Machi. Wanapatana kama mtu na shemeji yake. Cha pili vilevile. Cha tatu hakina nambari, na nyaya zake ni za plastiki. Nyaya za asili zimevikwa kitambaa, mnaona? Cha tatu kilitoka kwenye redio, naweza kuapa.

Tahadhari moja hapa, maana nimeona vijana wakizishika tarakimu hizi kama aya ya Biblia. Zinakwambia gitaa si la kabla ya tarehe fulani. Hazikwambii ni la lini. Mwaka 1966 Fender ilinunua shehena kubwa mno ya vyuma hivi, ikawa inavitumia hadi mwisho wa miaka ya sitini. Ukikuta wiki ya 1966 ndani ya gitaa la 1969, hakuna aliyeibiwa.

Angalieni sasa risasi ya kuchomelea. Ya zamani imefifia, kijivu, kama jivu la jana. Hapa kwenye chuma cha tatu inang'aa, na hapa chini ya pikapu ya nyuma inang'aa pia. Palipong'aa, mkono ulipita. Kwa hiyo tunageuza hizi pikapu. Hii ya mbele: vijiti sita vinavyotokeza juu vinapita hadi chini, na kila kijiti chenyewe ni sumaku. Nikigusa na msumari chini, unashika. Ya kati, hivyohivyo. Ya nyuma: vijiti ni chuma cha kawaida, na chini yake kimebandikwa kibao cheusi. Kibao hicho ndicho sumaku, ni cha kauri. Hii si ya 1965. Ni pikapu ya baadaye, mwenye gitaa aliitia akitaka sauti kali zaidi kwa sebene, na nani atamlaumu.

Niruhusuni nikae hapa kwenye sumaku kidogo, maana tuko Lubumbashi. Sumaku ya asili humu inaitwa alniko: alumini, nikeli, kobalti, na chuma. Katika aina iliyotumiwa sana, karibu robo ya uzito wake ni kobalti. Na waya uliozungushwa kuizunguka, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu, ni shaba. Sasa miaka ya hamsini sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilikuwa ikitoka wapi? Inatoka chini ya miguu yenu. Babu zenu waliichimba kwa Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Mtu wa Tokyo anayelia kwa furaha akisikia "sauti ya Marekani ya zamani", kuna uwezekano mkubwa analia kwa sababu ya Katanga yetu hii.

Na si hadithi tu, inasaidia kupima. Mwaka 1978 vita vilipofika mji wa migodi wa Kolwezi, bei ya kobalti ilipaa, na watengenezaji wa spika duniani wakakimbilia sumaku za kauri. Mtu akikuletea amplifaya anayosema haijaguswa tangu miaka ya sitini, spika yake ikawa na ule mduara mpana mweusi wa kauri nyuma, muulize vizuri. Si kila ya zamani ilikuwa alniko, kauri ilikuwapo tangu zamani. Muulize tu.

Turudi kwa mama. Kichwa cha shingo: funguo hizi sita za kukazia nyuzi ni kubwa, nzito, za Kijerumani. Za asili zilikuwa nyepesi. Ili hizi ziingie, matundu yalipanuliwa. Na nyuma, haya mashimo madogo yaliyopangwa mstari ni ya skrubu za funguo za kwanza. Yamezibwa kwa... nani anaona? Vijiti vya kiberiti! Kimoja bado kina wekundu kidogo. Namheshimu fundi huyo, popote alipo.

Na rangi. Gitaa hili ni jeusi, lakini lilizaliwa la rangi ya machweo, manjano katikati na weusi pembeni. Ndani ya shimo la springi nyuma, ambako mpakaji rangi hakujisumbua, manjano bado ipo. Nimeleta na taa hii ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Zimeni umeme. Vanishi ya zamani ya nitro ikizeeka inatoa mwanga wa kijani-manjano chini ya taa hii. Ninamulika kichwa cha shingo: unaona inavyowaka? Hicho hakijaguswa. Ninamulika mwili: giza, kama maji ya kisima. Hiyo ni rangi ya gari. Washeni.

Hapo kwenye rangi ndipo pigo kubwa. Wafanyabiashara wengi wa magitaa ya zamani wanakata karibu nusu ya bei kwa rangi iliyopakwa upya peke yake, hata kama kila skrubu iliyobaki ni ya kwanza. Nusu! Gitaa lililochubuka, lililopasuka vanishi, lenye alama ya sigara kichwani, linauzwa mara mbili ya pacha wake aliyepakwa vizuri akang'aa. Mara ya kwanza niliposikia nilifikiri wamerukwa na akili. Hapa kwetu mtu anapaka nyumba rangi ndipo aiuze.

Na sasa niungame. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, niliamini gitaa safi ndilo gitaa zuri. Mpigaji mmoja aliniletea lake, la Fender pia, vanishi imemomonyoka mkononi pale anapoegemeza. Nilichukua msasa. Siku mbili nilipiga msasa mpaka mbao tupu, nikalipeleka kwa rafiki wa gereji ya Katuba, akalipuliza nyekundu ya Peugeot. Nikatoa nyaya zote za kitambaa nikaweka mpya za plastiki, nikachomelea vizuri, nikatupa zile za zamani pamoja na vyuma vyake. Mwenyewe alifurahi, alinilipa, akaninunulia na kuku. Niliijua maana ya tarakimu zile za kisigino baada ya miaka kumi na minne. Sikuwa nimeharibu sauti. Nilikuwa nimeharibu ushahidi. Siku hizi nikipita karibu na kwake navuka barabara.

Ndiyo maana, mkiniuliza ni kipande gani kilichobadilishwa kinaua bei zaidi, sianzi na kipande. Naanza na swali: je, kinarudishika? Vyuma vidogo vya shingoni, vile tunavyobana nyuzi juu yake, ni matairi. Vinaisha, vinabadilishwa, na mnunuzi mwenye akili hakati sana kama kazi ni safi. Wapigaji wengine hata wanashukuru. Kidaraja cha nyuzi, tundu la kuchomeka waya, hayo ni plagi na mikanda ya feni. Funguo za kukazia zilizobadilishwa bila kutoboa chochote, unazirudisha kwa dakika ishirini. Pikapu inauma, lakini ukiwa na ile ya kwanza kwenye mfuko, inauma kidogo. Mbao iliyotobolewa ndiyo hairudi. Miaka ya sabini, magitaa haya yakiwa bado vitu vilivyotumika tu, watu walichimba miili yao kwa patasi ili pikapu kubwa za Gibson ziingie. Hakuna gundi inayofuta shimo hilo.

Kijana pale nyuma ameuliza juu ya Gibson. Kwa kifupi: angalia kichwa. Shingo yake ni ya mkangazi, kichwa kimelala nyuma kwa pembe, na ikianguka chali inavunjika palepale chini ya kidaraja cha nyuzi. Ikigundishwa vizuri inaweza kuwa imara miaka hamsini, na bado bei inakatwa karibu nusu. Na kama ni ya mwisho wa miaka ya hamsini, geuza pikapu kwa mikono miwili. Zile pikapu zenye koili mbili za waya, alizobuni Seth Lover, fundi wa Gibson, zilibandikwa chini kikaratasi cheusi kisemacho hataza, yaani haki ya uvumbuzi, imeombwa, tangu karibu 1957 hadi mwanzoni mwa sitini. Moja tu, peke yake, bila gitaa, inauzwa zaidi ya dola elfu.

Hilo linazaa tabia mbaya. Gitaa lenye vipande vilivyochanganyika, mnunuzi anakwambia halina thamani, anakupa kidogo. Akifika nyumbani analifumua: pikapu kwa mtu wa Japani, shingo kwa mtu wa Ujerumani, bamba la nambari kwa mtu ambaye sitaki kumfikiria. Vipande vinamletea kuliko gitaa zima lingemletea. Anayekwambia "hii imebadilishwa, haifai" huku mikono yake haitulii, jua ameona kipande. Mimi sifumui gitaa linalopiga. Kuna wenzangu wanafumua, na hesabu yao ni sahihi, lakini si kwangu.

Sasa ile nusu ya pili niliyowaahidi. Kuna magitaa ambayo michaniko yake ndiyo bei. Mwaka 1970 mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa za zamani huko Nashville, wakati ambapo hakuna aliyezitaka. Nyingine akawagawia marafiki, tatu akazifungua, akachukua kilicho bora cha kila moja, akaunga moja nyeusi. Kwa kipimo cha mkusanyaji ni mchanganyiko, ni mtoto wa baba watatu. Mwaka 2004 iliuzwa mnadani Christie's kwa dola 959,500. Na ile nyeusi ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, shingo zilibadilishwa mara kadhaa, pikapu zikabadilishwa, tundu la ziada likatobolewa na kuzibwa. Juni 2019 ilifika dola 3,975,000.

Najua mtakalosema: hao ni watu wenye majina. Ni kweli, na kama marehemu angekuwa na jina hilo tusingekaa hapa. Lakini angalieni jambo jingine. Fundi wa Gilmour aliandika kitabu kizima juu ya gitaa moja: lini shingo ilitoka, lini tundu lilizibwa, nani alifanya. Kila mchaniko una tarehe. Mnunuzi hakudanganywa popote. Sisi hapa tuna mji uliojaa magitaa yaliyobadilishwa kila kitu na hakuna lenye hata karatasi moja. Tuko katika nchi ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Likasi, wakati huo Jadotville, gitaa moja tu na vidole viwili, na dunia ikasikia. Magitaa ya watu waliomfuata yako wapi? Yako ndani ya vitenge, chini ya vitanda.

Kwa hiyo, mama. Dola mia nne, ukatae.

Sababu ni hizi. Shingo ni ya kwanza, na vanishi yake haijaguswa. Mwili ni wa kwanza. Nimelinganisha mashimo yote manne ya skrubu za shingo, hakuna lililohamishwa, hakuna lililochimbwa. Pikapu mbili kati ya tatu ni za kwanza, vyuma viwili kati ya vitatu, na daraja lote la nyuma na springi zake. Dhidi yake kuna rangi, ambayo ni nusu, na matundu ya funguo, na pikapu ya nyuma. Gitaa la namna hii, likiuzwa nje na mtu mwaminifu, halishuki chini ya dola elfu kadhaa. Lakini hapa Lubumbashi, wiki hii, ukihitaji fedha za shule Jumatatu, hakuna atakayekupa hizo. Huo ni ukweli mwingine, nao ni bei pia. Bei ya haraka, bei ya mpigaji, bei ya mkusanyaji: lazima ujue umesimama katika soko gani kabla ya kufungua mdomo. Mpigaji wa hapa hatalipia muhuri wa Machi. Atalipia kama linashika tuni hadi saa nane ya usiku.

Ukiamua kuliuza nje, kuna jambo la mbao. Ubao huu mweusi wa vidole ni wa mti wa palisanda, na katika magitaa ya miaka hii mara nyingi ni ya Brazil. Tangu 1992 mti huo umo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kuvusha mpaka bila hati ni kuomba gitaa libaki kwa watu wa forodha. Hati kwanza, safari baadaye.

Na liandikwe. Mimi nitaandika leo, kwa kalamu, karatasi mbili: kilicho cha kwanza, kilichobadilishwa, na nani aliyekiona. Nitaandika "rangi imepakwa upya" waziwazi, mstari wa juu kabisa. Mama, usiogope mstari huo. Mnunuzi atauona mchaniko hata usipomwonyesha. Akiugundua mwenyewe ataanza kutilia shaka na manjano iliyo ndani ya shimo, na hapo hata kilicho cha kweli hakitauzika. Tutapiga picha za risasi ileile ya kijivu kabla sijarudisha bamba. Na pikapu ya nyuma sitaitoa. Ndiyo aliyoichagua marehemu.

Limebaki swali moja, na ndilo lililofanya nichelewe kuanza. Juzi nilimwuliza mama: mzee hakuacha vipande vyovyote? Akasema hapana, takataka tu, kopo moja la maziwa ya unga lenye misumari. Nikamwomba aje nalo. Hili hapa.

Namwaga. Misumari, ndiyo. Vifungo vya shati. Sarafu ya zaire. Na hizi... mnaziona? Zimegongwa mgongoni "Kluson Deluxe". Ni funguo za kwanza za gitaa hili. Moja, mbili, tatu, nne. Nne kati ya sita.

Mbili zilizobaki, mama anasema, mjukuu wa Katuba alizichukua mwaka jana kutengenezea usukani wa gari la waya. Tumemtuma mtu akaulize kama gari hilo bado linatembea.